Vyambo vya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipuliza rangi katika karakana moja ya kunyoosha bodi, upande wa kusini wa jiji la Johannesburg, na tajiri yake, Mzungu mwenye karakana, alikuwa na wazimu wa uvuvi. Jumamosi humchukua baba mkwe waende bwawani, ampigie makasia na kumbebea sanduku la barafu. Samaki waliyekuwa wakimfuata ni besi, yule mwenye mdomo mpana kama mfuko ulioachwa wazi, na chambo chake si mnyoo wala dagaa. Ni visamaki vya mbao na plastiki, vyenye rangi za kila namna na ndoana tumboni na mkiani. Vikichubuka, tajiri alivitupa. Baba mkwe aliviokota, akavipaka upya kwa rangi zilizobaki kwenye makopo ya magari, akavibadilisha ndoana, akavijaribu mwenyewe. Vikavua kuliko vipya. Huko ndiko alikoanzia.

Hayo nilielezwa na mume wangu wiki ile ya kwanza nilipofika Soweto, mwaka wa tisini na tano. Mume wangu nilimpata kwetu Morogoro, alikokuwa akiishi uhamishoni na wenzake. Nchi yao ilipofunguka akarudi, nami nikamfuata. Nilimwuliza, "Na hao samaki mzee anawauza wapi?"

Akacheka. "Hawauzi. Wala hawali. Akimkamata anamrudisha majini."

Nikadhani ananitania. Kwetu samaki akishatoka majini, safari yake ni moja tu, kwenye mafuta.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, na mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika. Tulikaa watatu: baba mkwe, mume wangu na mimi. Watoto Mungu hakutujalia. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa na nyumba yake mtaa wa tatu kutoka kwetu, na ndiye aliyenifundisha umakoti. Makoti ni mke aliyeolewa katika ukoo, na hilo ndilo likawa jina langu. Wifi alinikalisha jikoni akanihesabia kwa vidole. Makoti hafungui kichwa mbele ya baba mkwe. Hamtazami machoni. Haketi kwenye kiti chake. Haingii chumbani kwake, hagusi viatu vyake, hafui soksi zake wala nguo zake za ndani. Hizo atafua mwenyewe. Nikasema sawa, wifi. Hata kwetu mkwe ana heshima yake, isipokuwa kwetu ningejua lini inalegezwa. Huku sikujua, kwa hiyo sikulegeza hata kidogo.

Miaka ya mwanzo sidhani kama mimi na mzee tulisemeshana maneno mia. Mume wangu alipata kazi katika ofisi ya serikali, kwanza Pretoria, akienda na kurudi kwa treni, kisha akahamishiwa mji wa mbali kaskazini, akawa anaonekana mwisho wa mwezi. Nikabaki na baba mkwe nyumbani mchana kutwa, tayari amestaafu. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni na Kiswahili hakukijua. Neno moja tu lilikuwa letu sote bila kufundishana: baba. Nilimwita hivyo na kwao ni hivyo hivyo. Maneno yake mengine nitayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini msomaji ajue yalinifikia kwa taabu, nusu kwa Kizulu na nusu kwa mikono.

Sukari ilianza kumla macho. Kwanza alikuwa akisogeza kazi zake karibu na dirisha la jikoni, kisha akawa anazitoa nje uani, kisha nikamwona siku moja asubuhi ameketi juani na kisamaki mkononi, anahangaika kupitisha mshipi kwenye kipete cha pua ya kisamaki hicho. Alijaribu, akakosa. Akaulowesha kwa mate, akakosa tena. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilijifanya sioni, maana sikujua kama kumsaidia ni heshima au ni utovu.

"Makoti," akaita, bila kugeuka. "Njoo unipitishie hiki."

Nikafunga khanga vizuri kichwani, nikaenda, nikapitisha. Nikampa kwa mikono miwili nikiwa nimeinamisha macho. Aliuvuta mshipi, akasikia umeshika. "Hhayi," akasema, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Alitoa sanduku lake la vyuma, lile la mafundi lenye madaraja yanayofunguka kama ngazi, na kila daraja lilikuwa na vyumba vidogo vya visamaki. Mchana, nikishamaliza kupika, tuliketi kwenye meza ya jikoni, yeye upande wake na mimi upande wangu, nikijifunza. Alinifundisha kutoa ndoana ya zamani kwa koleo: unapanua kile kipete cha chuma kilichojikunja mara mbili, unaizungusha ndoana mpaka itoke, unaweka mpya. Ndoana zenyewe ni za mikono mitatu, kama nanga ya mtoto. Ndoana ikiwa kubwa kidogo, kisamaki kinazama polepole. Ikiwa nyepesi, kinaelea. Yeye hakutaka kielee wala kizame. Alitaka kisimame katikati ya maji, palepale ulipokiacha, kama kilichokata tamaa, maana besi hampiti aliyekata tamaa. Kwa hiyo tulijaza beseni maji, tukakitia, akaniuliza, "Kimesimama?"

"Kinapanda, baba."

"Sana?"

"Kidogo kidogo."

Basi nizungushie ndoana uzi mwembamba wa risasi, mzunguko mmoja, miwili, tujaribu tena. Kazi ya kisamaki kimoja ingeweza kutumaliza mchana mzima. Alikuwa pia na minyoo ya mpira, chambo cha aina nyingine, aliyoihifadhi katika chupa yenye chumvi na kitunguu saumu ili besi aifuate kwa harufu, na saumu hiyo niliitwanga mimi kwenye kinu changu nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Nilisema moyoni, mama yangu angeniona ninawatwangia saumu minyoo ya mpira, angenisomea dua.

Rangi ndiyo iliyotuvunja. Mzee huyu alikuwa amekula mkate wake kwa macho. Aliweza kukuambia gari lile lilipakwa mara mbili, na mlango wa kushoto ulipakwa siku nyingine. Sasa ananipa kisamaki na kuniuliza kina rangi gani, na Kizulu changu kilikuwa na neno moja tu, luhlaza, ambalo kwao ni buluu na ni kijani pia.

"Luhlaza," namwambia.

"Luhlaza ipi? Ya mbingu au ya majani?"

"Ya majani."

"Majani gani? Mabichi? Ya baada ya mvua? Yale yanayoanza kukauka?"

Nakitazama. Kilikuwa na kijani chenye umanjano kwa mbali, na mgongoni madoa meusi, na ukikigeuza kwenye mwanga kilitoa dhahabu. Hata kwa Kiswahili nisingeweza kukisema. "Majani tu, baba," namwambia, naye anakirudisha sandukuni, katika kijumba chake, na kufunga mfuniko polepole. Hakunikaripia hata siku moja. Heri angenikaripia.

Ndoana mpya nilikwenda kununua Fordsburg, mtaa mmoja wa jijini, kwenye duka la vifaa vya uvuvi lililokuwa nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mwislamu kama mimi, nikiingia nampa salamu naye ananijibu, na kwa dakika tano nilikuwa mtu anayejua ataongea nini. Nilikuwa nachukua ndoana kuukuu kwenye kitambaa kama mfano, ili nisikosee ukubwa. Kurudi nilipitia kwa wanawake wa Kikongo waliokuwa wakisuka nywele, ili tu nisikie Kiswahili, ingawa chao si changu. Mmoja aliwahi kukifungua kifurushi changu akashangaa.

"Mama, samaki ya plastiki? Miye naona ni bazungu tu banafanyaka ile."

"Ni ya baba mkwe wangu."

"Na anakamataka kweli?"

"Zamani alikuwa anakamata."

Maana miaka hiyo mzee hakwenda tena bwawani. Tajiri wake alishakufa, gari hakuwa nalo, na macho hayakumruhusu kutembea peke yake. Tulitengeneza vyambo vya safari isiyokuwapo. Mimi nililijua hilo na nadhani yeye pia alilijua, lakini kila wiki alikuwa na kisamaki cha kurekebisha, na mimi nilikaa upande wangu wa meza.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya baridi, mwezi wa saba. Tulikuwa jikoni tumewasha hita ya umeme chini ya meza. Mzee alikuwa amevua sapatu zake, zile za kitambaa kizito zenye manyoya ndani, akaweka miguu yenye soksi karibu na hita. Alinipa kisamaki cha fedha kilichovunjika mdomo, akapitisha kidole gumba kwenye ndoana zake. "Hizi butu," akasema. "Toa zote."

Nilitoa ya mkiani, nikaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Ya tumboni ilikuwa imeshika kutu. Nilibana, nikapindua, koleo likateleza, ndoana ikaruka. Nikaisikia ikigonga mguu wa meza.

"Imeanguka?" akauliza.

"Naitafuta, baba."

Nilipiga magoti. Nilipapasa sakafu yote, chini ya kabati, chini ya jiko, nyuma ya hita. Niliinua zulia nikalikung'uta. Sapatu zake zilikuwa palepale, zimekaa sawasawa, midomo yake ikinitazama. Nilizizunguka. Nakumbuka mkono wangu ulivyozikaribia na ulivyogeuka. Ningeweza kusema, baba, nipe ruhusa nitazame ndani ya kiatu chako. Kizulu cha sentensi hiyo nilikuwa nacho. Lakini nilimsikia wifi akihesabu vidole, na sufuria ya maharage nayo ikaanza kunuka kuungua, nikainuka nikaenda kuiepua. Niliporudi mzee alikuwa ameshavaa sapatu na amesimama.

"Umeipata?"

"Sijaipata. Labda imeingia chini ya kabati."

"Achana nayo," akasema. "Ilikuwa butu."

Akaenda zake chumbani. Nilimtazama akitembea. Hakuchechemea. Niliridhika.

Wakati ule sikujua kwamba sukari ikishamaliza macho hushuka miguuni, ikaua hisia, mtu akakanyaga moto asijue. Hakuna aliyeniambia. Kama mzee mwenyewe alijua, hakusema.

Siku ya nne au ya tano nilianza kusikia harufu. Ilikuwa ndogo, kama ya panya aliyefia ukutani, ikija na kupotea. Nilisafisha jikoni, nikamwaga takataka, nikapiga deki kwa dawa. Kisha nikagundua inakuja mzee anapokuja na kuondoka anapoondoka. Alikuwa ameanza kuvaa soksi jozi mbili. Nilimpigia mume wangu simu.

"Baba ana kitu mguuni," nikamwambia.

"Kitu gani?"

"Sijui. Kinanuka."

"Umekiona?"

"Nitakionaje?"

Nilimsikia akizungumza na mtu ofisini kwake. "Nitampigia," akasema. Alimpigia kweli, nilimsikia mzee akicheka kwenye simu na kusema yuko sawa, ni baridi tu. Nikampigia wifi. Naye akasema wazee wana harufu zao, makoti, usiwe na pua ndefu, nitakuja Jumapili baada ya kanisa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi mzee hakula. Ijumaa alikuwa na homa, akaketi kwenye kiti chake amejifunika blanketi, uso umelowa jasho wakati nje maji ya bomba yameganda. Nilisimama mlangoni. Neno la mguu kwao ni unyawo, karibu sawa na unyayo wetu. Katika lugha zote mbili nilikuwa nalo mdomoni.

"Baba," nikasema. "Unyawo."

Alivuta mguu chini ya kiti, taratibu, kama mwanamke avutavyo sketi. "Hakuna kitu, makoti. Nenda kapumzike."

Nilikwenda kwa jirani, mama mtu mzima, nikamwomba aje. Alikuja, akazungumza naye kwa adabu sana habari za baridi, akaondoka akaniambia, "Ni lazima aje binti yake. Mimi na wewe hatuwezi kumvua baba wa watu soksi." Nikampigia wifi tena, simu yake imezimwa, alikuwa zamu kazini. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake kwa miguu nikamsubiri mlangoni mpaka arudi. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu hakubadilisha hata nguo za kazi.

Alipomvua soksi, ya pili ilitoka na ngozi. Ndoana ilikuwa bado imo, mkono mmoja umezama chini ya kidole gumba mpaka shingoni, na miwili imelala bapa. Mguu ulikuwa na rangi. Mimi niliyeulizwa rangi miaka yote ile, ile niliijua, na sikuulizwa.

Wifi alipiga kelele moja tu. Kisha akamgeukia mzee na kumgombeza huku analia, "Baba, hizi takataka zako! Hizi takataka zako zitakuua! Kipofu mzima unacheza na ndoana!"

Mzee alijifunika mguu kwa blanketi. Mimi nikatoka kutafuta gari la kumpeleka hospitalini.

Hospitalini walimkata chini ya goti siku ya pili. Daktari, kijana mpole, alituambia kwamba tungemleta mapema ungekuwa mjadala mwingine. Mume wangu alikuwa amefika, amesimama na begi lake bado begani. "Mapema lini?" akauliza. Daktari akasema, "Siku tatu, nne." Mume wangu alinitazama mimi. Hakusema kitu, hakusema hata baadaye, na mimi niliihesabu Jumatano ile niliyompigia, na sijui kama yeye aliihesabu.

Wiki ya pili niliachwa na mzee peke yangu wodini, wifi alikuwa ameshuka kununua chai. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Katika mkono mmoja alikuwa na kichupa cha vidonge. Alikifungua, akamimina ndoana kwenye kiganja. Alikuwa amewaomba manesi wasiitupe.

"Makoti. Hii ni ya kisamaki gani?"

Nilijua kwamba anajua. Niliinamisha kichwa. "Cha fedha, baba. Kilichovunjika mdomo. Ni ile iliyoanguka. Iliingia ndani ya sapatu yako, nami sikutia mkono kutazama."

"Kwa nini hukutia?"

"Ni kiatu chako, baba."

Alipitisha kidole gumba kwenye ncha za ndoana, moja, ya pili, ya tatu, kama alivyofanya siku zote mezani. "Butu," akasema. "Nilikuambia ni butu." Akairudisha kichupani, akageuza uso ukutani. Nilipodhani amelala, akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie binti yangu. Ukimwambia, hutakaa nyumba ile."

Wifi akaingia na vikombe vitatu vya chai.

Mzee alirudi nyumbani na kiti cha magurudumu. Sasa wifi alikuja kila siku kumwogesha, na mimi nilipika, nikasafisha, nikakisukuma kiti mpaka uani na kukirudisha. Hakuna aliyegusa sanduku. Nilidhani ndiyo basi. Lakini masika yalipoingia, yale ya kwao ya mwezi wa tisa, miti ya mitaani ikaanza kuchipua, alimwambia mtoto wa wifi, kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima mwenye kazi na bakkie yake, yaani pikapu, kwamba anataka kwenda bwawani mara moja. Akasema, "Na makoti aje. Yeye ndiye anayejua sanduku."

Tulikwenda Jumamosi. Kijana alitushusha ukingoni, mahali penye nyasi, akatuambia anakwenda dukani kutafuta barafu na nyama ya kuchoma, atarudi sasa hivi. Sasa hivi ya Johannesburg, nilikuwa nimeshajifunza, haina saa.

"Maji yana rangi gani?" mzee akauliza.

Yalikuwa mazito, ya kijani, kama rangi iliyomwagwa kwenye kopo isikorogwe. "Luhlaza, baba. Ya majani. Huwezi kuona chini."

"Basi nipe kinachong'aa, chenye kelele."

Nilitafuta. Nilitikisa kimoja baada ya kingine sikioni, vile vyenye vigololi vya chuma tumboni, nikachagua kimoja cha manjano chenye tumbo la chungwa. Nilikifunga kwa fundo alilonifundisha. Akalipapasa fundo, akaridhika. Kisha akarusha. Sijui nitaelezaje. Mtu asiyeona, ameketi, mguu mmoja, alizungusha mkono mara moja tu na kile kitu kikaruka mbali kuliko nilivyodhani mshipi una urefu. Kikaanguka majini bila kishindo. Alikivuta, akakiacha, akakivuta. Uso wake ulikuwa wa mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa hakuniona, nilimtazama nitakavyo.

Mrusho wa tatu ulinasa. Si samaki, ni majani ya chini. Alivuta, hakikuja. Aliniambia nishike mshipi kwa khanga nivute. Nilivuta mpaka ukanikata kiganja. Niliingia majini hadi magotini, nikaogopa, sijui kuogelea. "Acha," akasema. Mshipi ukakatika nikiwa bado naushika.

Ndipo mvua ikaanza, ile ya ghafla ya mchana, yenye radi. Nilikimbilia kiti nikisukume chini ya miti. Magurudumu yakazunguka nusu na kuzama. Nilisukuma, nikavuta kwa nyuma, nikatia nyasi chini yake, nikatia khanga yangu ya mabegani chini yake. Kiti kikazidi kwenda chini. Barabarani hapakuwa na gari. Nilimpigia kijana simu, hakuna mtandao. Nilimfunika mzee kwa koti langu, nikasimama pembeni yake na sanduku kichwani kwake kama mwavuli, maji yakipita kwenye vyumba vya visamaki na kututiririkia sote wawili.

"Makoti," akasema baadaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nahitaji kujisaidia."

Nilitazama barabarani. Hakuna mtu.

"Atakuja sasa hivi, baba."

"Siwezi kungoja."

Hakukuwa na jinsi. Siwezi kumshika, siwezi kumwacha, na nikimwacha kiti kitaanguka. Tulikaa hivyo kidogo, mvua inapiga, kila mmoja akitafuta la kufanya na kulikosa. Kisha akasema, kama anayetoa maelekezo ya kazi, "Simama nyuma. Geuka. Shika kiti kwa mkono wa nyuma usiniachie." Nikageuka, nikashika mpini wa kiti nyuma ya mgongo wangu kwa nguvu zangu zote, nikatazama milima. Nilimsikia akihangaika na vifungo. Alihangaika sana. Halafu akaacha kuhangaika. Nikasubiri.

"Basi," akasema, lakini nilijua kwa sauti kwamba hakuwahi.

Sikugeuka mpaka bakkie ilipofika. Mvua ilikuwa imetulowesha vizuri, hakuna aliyeweza kutofautisha, na kijana hakuuliza. Tulimwinua wawili tukamweka kwenye gari. Njia nzima mzee alikaa amefumba macho. Hakutaka tena habari za bwawa, nami sikumtajia.

Mwaka uliofuata mama yangu alikufa Morogoro. Nilipanda basi, siku tatu barabarani, nikakuta wameshazika. Kwetu maiti haikawizwi. Nilikaa arobaini. Nilikuwa bado sijafungasha mume wangu alipopiga simu. Alisema baba amekwenda, mguu wa pili ulikuwa umeanza, hakutaka ukatwe. Alisema watazika Jumamosi. Nilihesabu siku za barabara, zikanizidi kwa moja.

Nilifika Jumapili jioni. Hema lilikuwa limeshaanza kufunguliwa uani, na masufuria makubwa ya kukodi yamepangwa ukutani yakisubiri mwenyewe. Nilikaribishwa na watu nisiowajua wakaniuliza mimi ni nani. Chumba chake kilikuwa wazi. Sikuwahi kukiona ndani. Kilikuwa na kitanda, dirisha na kalenda kuukuu, na kimefagiliwa.

Wifi alitoka jikoni akiwa na nguo nyeusi, macho yamevimba. Nilisimama na begi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, tangu mpakani, kumwambia habari ya sapatu, kwa kuwa yule aliyenikataza hayupo tena. Nilifungua mdomo.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, wifi."

Alinipokea begi. Akanivutia kiti, akanipakulia ugali na mchuzi uliobaki wa msibani, akakaa mbele yangu, mikono shavuni, akinitazama nikila. "Alikuulizia," akasema. "Alikuwa anauliza makoti anarudi lini."

Nikala mpaka nikamaliza, na sikumwambia.